Kipande cha Pili cha Doti

Watu wa Pangani walimwita mume wangu Bwana Panya, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo ingawa amekwisha kututangulia. Sijapata kulipenda jina hilo. Yeye ni Idarusi bin Shekhe, mtoto wa nyumba inayojulikana, aliyesoma Tanga, kisha Makerere, akarudi kufanya kazi ya elimu katika kituo cha utafiti kule Amani. Wajukuu zangu wameanza kuuliza babu yao alikuwa na shughuli gani na panya. Naona heri niwaandikie mwenyewe kuliko waokote majibu barazani.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza urithi: kwa nini mtoto hufanana na huyu asifanane na yule, na kwa nini sifa fulani hupotea kwa wazazi ikaja kutokea kwa mjukuu. Panya wadogo wa nyumbani walimfaa kwa sababu huzaa upesi. Mtu huweza kuwaona vitukuu vyao kabla hajachoka kungoja. Wenzake pale kituoni waliwataka panya kwa ajili ya kujaribia dawa za malaria. Yeye peke yake alitaka kujua wametoka kwa nani. Aliwafuga katika banda la mbao chini ya miti mikubwa, mahali ambapo ukungu hushuka mpaka mlangoni na nguo hazikauki kambani.

Aliponioa, mwaka wa hamsini na tatu, nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Tanga. Nilizaliwa Ngamiani, nimezoea joto na kelele za watu, na Amani niliiona kama nchi ya kigeni. Kila jioni kabla ya kuingia nyumbani Idarusi alikata ndimu, akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko, ili nisisikie harufu ya banda. Sikumwambia kwamba harufu ilibaki palepale kwenye ndevu. Mwanamume anayekata ndimu kwa ajili yako humwambii neno kama hilo.

Mwaka wa hamsini na tano ilitufikia habari kutoka Pangani. Mwatumu, dada mdogo wa Idarusi, amejifungua mtoto wa kike, na mtoto ni mweupe: nywele rangi ya katani mpya, kope nyeupe, macho hayatulii penye mwanga. Wenye adabu walinong'ona kwamba ni zeruzeru. Wasio na adabu walikumbuka kwamba Mwatumu alikwenda kukaa Mwera wakati wa mavuno, kwamba huko ng'ambo ya mto yako mashamba ya mkonge, na kwamba mashamba ya mkonge yana Wazungu. Mnajua maneno yanavyoshonwa.

Mume wa Mwatumu, Sadalla, alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yao Bi Mwanamkasi. Wazee ndio walioipanga ndoa ile, nasaba isitoke nje ya nyumba. Sasa Bi Mwanamkasi, aliyemchagua bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amesema mtoto hatapewa jina kwake. Akika, karamu ya kumpa mtoto jina, ikipita hivyo, Mwatumu arudi kwao na talaka yake. Sadalla alimpenda mkewe, lakini hakuwa mtu wa kumjibu mama yake.

Idarusi aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Sabiha, hili nalijua. Hili ndilo ninalolitazama kila asubuhi bandani."

"Basi nenda ukawaeleze."

"Nitawaonyesha," akasema, na hapo nikamwona anafunga kizimba kwa kamba.

Nilimwambia haifai mtu kama yeye aingie Pangani na panya mkononi, na mji wote unatazama. Hakunisikia. Nililoweza ni kuchukua kipande kimoja cha doti yangu ya kanga, nyekundu, mpya, nikakifunika kizimba watu wasione. Kipande cha pili nikakitia kikapuni pamoja na nguo zetu. Tukateremka hadi Muheza, tukapanda gari la kwenda Pangani, na njia nzima nilimwomba Mungu panya wasilie.

Bi Mwanamkasi alitupokea ukumbini, ameketi juu ya mkeka. Sadalla alisimama karibu na mlango kama mgeni katika nyumba yake. Mwatumu alikuwa chumbani na mtoto, nyuma ya pazia; tulimsikia akimbembeleza.

"Shikamoo, shangazi," akasema Idarusi.

"Marahaba. Na hao uliokuja nao, nao wananiamkia?"

"Nao pia, shangazi."

"Wasogeze mbali na mswala wangu. Mavi ya panya ni najisi. Makerere hawakukufundisha?"

Idarusi alikiweka kizimba karibu na ukuta, akaondoa kanga. Ndani walikuwamo panya wawili wa rangi ya udongo, na watoto wao. Kati ya watoto hao wamo weupe kama pamba.

"Tazama, shangazi. Baba ni huyu, mama ni huyu. Hakuna mwingine aliyeingia humu, mlango naufunga mimi. Na watoto weupe ni hawa, wa baba huyu na mama huyu. Nasaba yao naijua mpaka kwa babu wa babu zao."

Hapo ndipo alipoteleza. Bandani kwake neno hilo lilikuwa la kazi, kama koleo au ndoo. Alisahau kwamba yuko Pangani.

"Nasaba?" Bi Mwanamkasi aliweka chini kisahani cha tambuu. "Panya ana nasaba? Mimi nimeyashika majina ya wazee wangu tangu sijaota meno ya ukubwani, leo mtoto wa ndugu yangu anakuja kuniambia panya naye ana nasaba. Haya, nionyeshe na mimi nilipo humo. Ni huyu mwenye mkia mrefu?"

Sadalla alicheka. Mama yake alimtazama, kicheko akakimeza.

Mume wangu hakujua kunyamaza pale ambapo alikuwa na hakika. "Weupe huu hauji kwa upande mmoja, shangazi. Lazima baba autoe na mama autoe."

"Yaani Sadalla?"

"Sadalla pia. Naye ameupata kwako."

"Funika panya wako," akasema Bi Mwanamkasi kwa sauti ya chini, "uende zako."

Nyuma ya pazia Mwatumu akasema, "Kaka, waache. Mimi nimekwisha kuapa, sina kiapo kingine. Huyu mtoto tu, hana alilokosa. Hata jina?"

Niliinama kuirudisha kanga juu ya kizimba, maana niliona tumekwisha kufukuzwa. Bi Mwanamkasi hakuweza kujizuia.

"Na wewe mwalimu! Kanga nzuri kama hiyo unamvika panya? Mwenziwe iko wapi?"

"Iko kikapuni, shangazi, chini ya nguo."

"Umeivunja doti kwa ajili ya panya. Nusu doti ni nguo gani?"

Idarusi aliinua kichwa. Alinijia, akaipokea ile kanga mikononi mwangu, akaenda kupiga magoti mbele ya shangazi yake kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Shangazi, nimesema vibaya. Tuache panya. Kila mtoto anapozaliwa hupewa doti yake: kipande kimoja na baba, kipande kimoja na mama. Akiwa na kimoja cha rangi na kimoja cheupe, cha rangi hujifunga nje na cheupe hukaa ndani. Nani atakijua?"

"Hakijuliki," akasema Bi Mwanamkasi, maana hayo yalikuwa mambo ya nguo, naye kwa nguo hashindwi.

"Akizaa, humpa mwanawe kipande kimoja tu katika viwili vyake. Pengine hutoa cha rangi. Pengine hutoa cheupe, wala mwenyewe hana habari. Sasa akimwoa mwenziwe ambaye naye anacho cheupe ndani, na siku hiyo wote wawili wakatoa cheupe…"

"Mtoto kapata doti nzima nyeupe." Bi Mwanamkasi alilisema polepole. "Hana cha rangi cha kujifunga nje."

"Hana. Na doti yake ni halali, mkono wa baba na mkono wa mama."

"Na hicho cheupe Mwatumu kakitoa wapi?"

"Kwa baba yangu. Sadalla kakitoa kwako. Na wewe na baba yangu mmelelewa nyumba moja. Huenda na mimi ninacho, shangazi, na mwanangu huyu anayekuja nikampa. Si doa. Ni nguo ya wazee wetu, imekunjwa siku nyingi."

Nilikuwa na mimba ya kwanza wakati huo. Sikustuka. Nilimtazama tu mume wangu alivyojiweka yeye mbele, kabla ya dada yake, na nikajua kwa nini niliolewa Amani.

Bi Mwanamkasi alikuwa akiipapasa ile kanga pindoni. Kisha akasema neno moja: "Mize."

Sisi sote tulitazamana. Jina hilo hatukuwa tumelisikia katika nyumba ile.

"Alikuwa mdogo wetu, mimi na baba yako," akamwambia Idarusi. "Mweupe hivi hivi. Mama alimweka Mwera, shambani kwa wazee wake, kwa ajili ya jua na kwa ajili ya watu. Tukienda kisimani nilimfunika uso kwa pembe ya kanga yangu, naye akichungulia na kucheka. Alikufa na homa, angali mdogo. Baba akatukataza kumtaja, maana mama naye watu walimsema, kama huyu anavyosemwa." Akaligeukia pazia. "Nami nimemsema huyu kwa maneno yale yale."

Aliinuka, akainua pazia. Tulimsikia akisema, "Nipe mwanangu, Mwatumu. Nipe, na unisamehe." Alipotoka alikuwa amempakata mtoto, amemfunika uso kwa pembe ya ile kanga yangu nyekundu, mwanga wa mchana usimuumize.

"Sadalla! Mbona umesimama kama nguzo? Nenda katafute mbuzi wa akika. Mtoto anaitwa Mize."

"Mbuzi wa rangi gani, mama?"

"Rangi yoyote! Hukusikia kaka yako anavyosema?"

Kabla hatujaondoka aliuliza kama wale panya wamekula, akawaletea machicha ya nazi kwa mkono wake, huku akisema hawapendi hata kidogo.

Tangu siku hiyo Idarusi hakueleza tena urithi kwa njia nyingine. Makala zake aliziandika kwa Kiingereza, na wataalamu wa ng'ambo walizisoma na kumwomba jozi za panya wake. Hilo ni la kweli na la fahari, nami nataka lijulikane. Lakini vijana wa Kibondei na Kisambaa aliowafundisha pale Amani, na walimu waliokuja kumsikiliza, aliwapa kanga mbili mikononi, nao wakaenda kufundisha hivyo walikopelekwa. Siku hizi wasomi wanasema vinasaba. Ni neno zuri. Wakati ule halikuwapo, na sisi tulisema doti.

Wenzake walimshauri ule ukoo wa panya weupe auite Mize, kwa ukumbusho. Alikataa. Alisema jina hilo lina mwenyewe.

Mwenyewe sasa ni mwalimu mjini Tanga, huvaa miwani na kofia pana, na kanga yangu nyekundu ingali kwake. Mimi ninacho kile kipande cha pili. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akanijibu niandike jina lake lote: Mize binti Sadalla. Anafundisha urithi kwa kanga mbili, kama mjomba wake. Wanafunzi wakimwuliza nani alibuni mfano ule, hasemi Bwana Panya hata siku moja. Husema, "Mjomba wangu Idarusi, siku aliyonipatia jina."