Kilio cha Kuigiza

Hadi leo nikinusa poda ya uso, naitupia jicho simu.

Mama alikuwa akimhudumia mzee mmoja Mwingereza, muigizaji mstaafu, kwenye ghorofa huko ughaibuni, North York. Mzee alijigamba kwamba jukwaani na kwenye filamu alishakufa mara nyingi kuliko alivyooa. Alasiri moja ya theluji, nikiwa nimemfuata mama kazini, mzee alijipaka poda, akajilaza kwenye zulia, akaniomba nimlilie. Nikaangua kilio kama wanawake wa kwetu msibani. Mzee akainuka, akainama kama mbele ya watazamaji.

Mama akatoka jikoni mbio. "Unamlilia nani? Acha uchuro!"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba tunaigiza tu.

Hapo simu ya mama ikaita. Ilikuwa namba ya kwa bibi, Moshi, ambako muda huo ni usiku wa manane. Mama aliitazama, kisha akanitazama mimi.