Kipande Nilichokiacha Bila Kukimaliza

Nikikuona umelala na maumivu, mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa maharage, hapa kijijini Nyabiondo, nilipokuwa mke kijana na nimejifungia ndani kwa siku ya tatu. Mwaka mmoja kabla yake niliteleza njiani na mzigo wa mihogo, kamba yake ikiwa kwenye paji la uso, na tangu hapo mgongo haukuacha kuniuma. Hospitalini waliniambia mambo mawili: mifupa ni mizima, na maumivu huenda yakakaa. Nililishika la pili tu.

Wanawake wa kilima chetu tulilimiana mashamba kwa zamu, kila mmoja na kipande chake. Asiyelimia wenzake hakulimiwa, na zamu ya shamba langu ilikuwa imebakiza wiki moja. Basi kila maumivu yalipolegea, nilimaliza kipande changu bila kuinua kichwa, nisije nikaitwa mvivu. Kisha nikalala siku tatu, nikiusikiliza mgongo na kuamini kwamba unavunjika. Katika kuamini mabaya nilikuwa hodari sana.

Mama Feza, kiongozi wetu, akasukuma mlango.

“Mugongo njo imekulalisha, ao ni haya ya watu?”

“Mama, nikisema inaniuma, mutasema niko muvivu.”

“Muvivu wa hii nyumba tunamujua: iko bwana yako!” Nilicheka mpaka nikaumia. Akaketi kitandani. “Kwa hospitali walisema nini juu ya mifupa?”

“Iko muzima.”

“Sasa nani anakuambia inavunjika? Kesho lima kidogo, ikala chini, upumzike mbele ya maumivu kukukamata, na utuambie. Usitufiche tena.”

Kesho yake nililima theluthi ya kipande, nikasimama ningali na nguvu, nikasema mbele ya wote: “Naumwa. Napumzika.” Hakuna aliyecheka. Mama Feza alichukua jembe langu, mimi nikaketi kuchambua mbegu katikati ya maneno yao. Jioni mgongo uliuma, lakini kesho yake niliamka, nikaenda tena. Zamu yangu ilipofika, walikuja shambani kwangu wote.

Mwanangu, maumivu yako ni ya kweli. Usimruhusu mtu ayakane. Lakini hofu na haya ni mizigo mingine, na hiyo yaweza kutuliwa. Pumzika kabla hujalazimishwa. Sema wapi panauma. Usijifungie peke yako.

Mungu aupe mwili wako nafuu. Na pale nafuu inapochelewa, akupe watu wa kuketi nawe.