Shahidi Niliyemtupa Karaini

Siku moja naikumbuka kuliko hata harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilichezewa ngoma siku tatu. Siku hiyo niliharibu jina la mwanamke mwenzangu mbele ya mtaa mzima, na nililiharibu kwa neno moja nililoandika kwa kalamu ya buluu. Neno lenyewe ni "safi". Nimekaa nalo miaka mingi bila kulisimulia ila kwa watu wawili watatu. Leo umekuja kuniaga, unakwenda kuanza kazi maabara, basi nitakusimulia na wewe. Keti vizuri, na hiyo simu iweke chini.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimerudi kutoka Pemba yetu hii ya Msumbiji na cheti changu, kichwa kimevimba. Koti langu jeupe nililipiga pasi kila asubuhi, hata sokoni nililivaa, Mungu anisamehe. Wanawake wakaniita dotora, yaani daktari, kwa kunitania, na mimi nikaitika kweli. Maabara yetu ya maji ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya ofisi ya afya, katika mji wetu mdogo wa pwani, juu kidogo ya Mocímboa. Jina la mji silitaji, kwa sababu watoto wa watu nitakaowasema wapo, na wengine unawajua.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Nfaume, mtu mwembamba, wa maneno machache, aliyejifunza kazi ile tangu enzi za Mreno. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unayapitisha maji kwenye karatasi nyembamba ya kuchujia, vijidudu vinabaki juu. Karatasi unailaza kwenye kisahani cha chuma chenye chakula chao, unafunga, unaweka kwenye sanduku la joto mpaka kesho yake. Kama maji yana uchafu wa choo, yatatokea madoa ya manjano, nawe utayahesabu.

Lakini kila siku palikuwa na kisahani kimoja zaidi. Hicho tulikipitishia maji yaliyochemshwa yakapoa, maji ambayo tunajua hayana kitu. Kwa Kireno kiliitwa testemunya, yaani shahidi. Shahidi akitoka bila doa, basi mikono yako na vyombo vyako vilikuwa safi, unaweza kuviamini visahani vingine. Akitoka na doa, uchafu ni wako wewe, na kazi ya siku nzima haifai. Kila asubuhi Mzee Nfaume alimfungua shahidi kwanza, akamtazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha ndipo akagusa visahani vilivyobaki. Mimi nikimngoja nilikuwa nacheka moyoni, nikimwona mzee wa mambo ya kale.

Mwaka huo kolera iliingia, yaani kipindupindu. Serikali ikaleta kloro, dawa ya kutia visimani, na kila kisima kikapewa msimamizi. Kisima cha nyuma ya msikiti alipewa Bi Somoe, mjane asiye na mtoto, mpole, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha mpaka siku alipokabidhiwa ndoo ile ya dawa. Aliipenda kazi yake. Alipima kloro kwa kikombe alichopewa, hazidishi hapunguzi, na akimaliza anaifunika ndoo kwa kitambaa cheupe. Sasa haya maneno mawili, kloro na kolera, yaseme haraka uone yanavyofanana. Watu wetu walikuwa wanazika kila mara, hawakuwa na nafasi ya kuyatenganisha.

Ikatokea Mzee Nfaume amekwenda Diaca kumzika shemeji yake, nikabaki peke yangu. Nilifurahi, sikufichi. Nikachukua maji ya kijito na maji ya kisima cha Bi Somoe, nikaanza na ya kijito, ambayo ndiyo machafu. Hilo kosa la kwanza, maana huanzi na kichafu. Kati ya maji na maji unatakiwa kumimina spiriti kwenye chombo, uiwashe, ufunike, ungoje robo saa ili kila kidudu kife. Mimi nilingoja kiasi cha kufunga kilemba changu upya. Nikapitisha ya kisima, halafu ya shahidi, nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi yake nikafungua sanduku. Kijito kilijaa madoa, hilo nililijua. Kisima kilikuwa na madoa kumi na moja. Shahidi alikuwa na matano. Nikamgeuza dirishani kama alivyofanya mzee, nikatumaini ni mwanga tu, lakini yalikuwa matano na yalikuwa ya manjano.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa utawala, pikipiki yake inanguruma. "Menina," yaani binti, "karatasi iko tayari? Mkubwa anaingojea." Ningemjibu kwamba kazi imeharibika, tutarudia, njoo kesho. Maneno machache tu, mwanangu. Lakini ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, na niliona aibu mbele ya mtu wa pikipiki ambaye hata jina langu hakulijua. Nikaandika: kisima, maji machafu; shahidi, safi. Nikatia sahihi yangu ile ndefu yenye mkia. Kisha nikamchukua shahidi nikamtumbukiza kwenye karai la dawa ya kuulia vijidudu, nikamsukuma kwa koleo mpaka akazama.

Kabla ya adhuhuri karatasi ilisomwa kisimani na kisima kikafungwa kwa miiba. Palikuwa na mwanamke mmoja, Bi Atija, mkaanga vitumbua, sauti yake unaisikia toka mtaa wa pili. Wiki moja kabla alikuwa amezika mwanawe wa mwisho. Aliposikia kwamba maji ni machafu, akauliza, "Si ndiyo maji anayotia dawa Somoe kila siku?" Akajibiwa ndiyo. Akasema, "Basi siyo dawa. Ni kolera yenyewe anatutilia." Na yeye ndiye aliyeung'oa mti wa kwanza wa ua wa Bi Somoe. Wengine wakafuata. Ndoo ikapasuliwa, kile kitambaa cheupe kikakanyagwa, na mwenyewe akanusurika kwa kukimbilia nyumbani kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyemfungia ndani pamoja na mkewe. Na watu, kisima kimefungwa, wakaenda kuteka kijitoni.

Mzee Nfaume alirudi kesho yake, vumbi la Diaca bado liko kwenye kofia. Alikuwa ameshayasikia yote njiani. Hakunisalimu. Akasema, "Shahidi yuko wapi?"

Nikasema, "Alikuwa safi, mzee."

"Sikukuuliza alisemaje. Nimeuliza yuko wapi."

Macho yangu yakaenda kwenye karai. Akalisogelea karai, akaingiza koleo, akakitoa kisahani. Dawa ilikuwa imeshafuta kila kitu, karatasi imekuwa nyeupe. Ningeweza kushikilia uongo wangu mpaka leo na asingekuwapo wa kunipinga. Lakini mzee alinitazama bila hasira yoyote, na hilo likanishinda. Nikalia, nikamwambia yote, mpaka habari ya kilemba.

Akasema, "Binti, mtu akitoa ushahidi wa uongo kwa kadhi, unajua ni dhambi gani. Weye umefanya zaidi. Shahidi alisema kweli, ukamziba mdomo, halafu ukasema badala yake." Akavua kofia akaikung'uta. "Uliandika kwa mkono wako. Utakwenda kuifuta kwa mdomo wako. Hapo hapo kisimani."

Nilimwomba aende yeye. Nilimwambia wataniua. Akajibu kwamba Bi Somoe naye anaogopa kufa, na yeye hakufanya kosa.

Basi tukaenda. Koti nililiacha msumarini. Wanawake walikuwa wengi, na wanaume wamesimama kando upande wa msikiti. Nikasema, "Mama zangu, nilidanganya. Vyombo vyangu vilikuwa vichafu, nikaandika kuwa ni safi. Kisima sijui kikoje. Bi Somoe hana kosa, kosa ni langu mimi." Halafu mwanamume mmoja akapiga kelele kwamba kumbe mwenye kolera ni mimi, na nikaona watu wanasogea. Mzee Nfaume alisimama karibu yangu lakini hakunikinga kwa neno, aliniacha niubebe mzigo wangu.

Aliyeniokoa siku ile ni Bi Atija, amini usiamini. Alipasua katikati ya watu akaja mpaka usoni pangu. "Sasa mnataka kupima tena?"

Mzee akasema ndiyo.

"Na hayo maji ya shahidi wenu mnayatoa wapi?"

"Tunayachemsha wenyewe, maabara."

"Aa, hapana! Nyiye tena? Chukueni ya birika langu. Nimechemsha mwenyewe, nimefunika mwenyewe. Na mpime hapa hapa, tuwaone mikono."

Mzee Nfaume, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka kidogo. Akaniambia niende nikalete vyombo. Nikapima pale, juu ya kinu kilichopinduliwa, wanawake wamenizunguka. Nikaanza na maji ya birika, kisha ya kisima, ya kijito mwisho. Kila nilipowasha spiriti na kufunika, Bi Atija akasema, "Ngoja!" na hakuna aliyeruhusiwa kusogea mpaka mzee aliyeshika saa aseme imetosha. Tulipoviweka visahani kwenye sanduku, akafungua leso yake kiunoni, akalizungushia sanduku, akalifunga fundo analolijua mwenyewe. Hakuna mlinzi aliyehitajika zaidi ya fundo lile.

Asubuhi akaja, akalikagua, akalifungua mbele ya watu. Mzee akamtoa shahidi kwanza, akampa yeye mkononi. Bi Atija akakigeuza kisahani juani, akakigeuza tena. Hapakuwa na doa. Cha kisima hakikuwa na doa. Cha kijito kilijaa mpaka huwezi kuhesabu, nao walikuwa wameyanywa maji yale siku mbili kwa sababu yangu. Bi Atija alikaa chini palepale kwenye mchanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeubomoa ua wa Somoe bure," akaanza kumlilia mwanawe upya.

Walikwenda kumwita Bi Somoe kwa mwalimu. Ua wakausimamisha kabla ya alasiri, na ndoo mpya ikaletwa. Yeye aliitazama ndoo, hakuigusa. Nilipiga magoti mbele yake. Akanishika kichwa, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, kwa ajili ya Mungu. Lakini hapa sikai tena. Kila nitakayempa maji nitamtazama macho, nimwone kama ananiogopa." Alikuwa na kaka yake mvuvi kisiwani Rongui, akaamua kwenda kwake. Kitu kimoja tu alinitaka, nimwandikie karatasi ya kumsafisha, naye hakujua kusoma hata herufi moja.

Nikaandika: Mimi Mwanajuma, mpimaji wa maji, niliandika uongo juu ya kisima cha Bi Somoe. Shahidi alikuwa mchafu nami nikasema ni safi. Bi Somoe alifanya kazi yake sawasawa. Nikatia sahihi, safari hii bila mkia. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akaondoka. Sikumwona tena.

Kisima kile nilikitia dawa mimi kila asubuhi tangu hapo, na miaka yote maji ya shahidi yalitoka kwenye birika la Bi Atija mpaka alipofariki. Siku moja akaja kijana kutoka Rongui, mpwa wa Bi Somoe, akaniambia shangazi amekufa na ameusia nirudishiwe karatasi yangu. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Kijana akasema kila mgeni aliyefika kisiwani shangazi alimwomba amsomee. Nilijifungia chumbani nikalia mpaka nikaishiwa.

Vita vilipotufikia, ulikuwa mdogo, ulibebwa mgongoni. Tulitoka na nguo za mwilini. Cheti changu cha Pemba kiliungua pamoja na nyumba, wala sikukisikitikia. Karatasi ile nilikuwa nayo, na hii hapa, ishike taratibu.

Wewe utakuta mashine zinazotoa namba zenyewe, na unaweza kudhani mambo haya ni ya akina bibi. Hata mashine ina shahidi wake, mwanangu. Mpime kila siku kabla ya kupima damu au maji ya mtu yeyote, na alichosema kiandike kama alivyosema, hasa siku atakapokuaibisha. Akiharibika, simamisha kazi, hata kama mkubwa amesimama mlangoni. Sema "sijui bado", ni maneno mawili tu na hayajamuua mtu. Usimtupe shahidi kabla mwenzako hajamwona. Na mtu wa nje akitaka kukusimamia mikono, mpishe akusimamie. Mimi kila nikishika kalamu namwona yule mwanamke na kitambaa chake cheupe. Nyuma ya kila kisahani yupo Bi Somoe wa mtu, naye hawezi kuingia maabara kujitetea.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyokimbia kile yanachokiona. Akupe mkubwa kama Mzee Nfaume, na jirani mwenye birika kama Bi Atija. Na jina lako likitiwa chini ya karatasi, Mungu ajaalie pasiwe na mtu atakayelazimika kutembea na karatasi nyingine ya kuifuta. Amina, mwanangu. Hiyo nirudishie, sijamaliza nayo.