Mbao za Theluji za Namnyaki

Harufu ya utomvu wa misonobari bado inanitia hasira. Najua wengine wanaipenda. Watu wa mjini hupanda hadi msituni juu ya Ngaramtoni siku za mapumziko, wakavuta pumzi ndefu na kusema hewa safi, hewa safi. Mimi harufu hiyo ikinipiga puani narudi kwenye Julai moja ya utoto wangu: ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye migomba yetu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na dada yangu Namnyaki ameketi juu ya kisiki akilinda kandambili za watoto wa watu. Chini ya misonobari ile majani makavu, membamba kama sindano, yalirundikana mwaka hadi mwaka, na mteremko ukawa na utelezi kuliko sabuni. Sisi watoto wa pale tuliserereka juu ya magunia, juu ya magome ya migomba na juu ya madumu yaliyopasuliwa katikati. Wadogo tulikaa kitako. Wakubwa walisimama wima, magoti wameyakunja, wakashuka huku wakipiga kelele hadi chini kwenye mfereji.

Namnyaki alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Mguu wake wa kushoto uliingia ndani tangu kuzaliwa, na kisigino chake hakikukanyaga chini vizuri. Kutembea alitembea, tena kwa kasi ya kunishinda mimi. Lakini kusimama juu ya nusu dumu linaloteremka ni jambo jingine, kwani mguu ule ulikuwa ukichomoka na dumu likamzungusha. Alijaribu mara moja akagonga mti, akajaribu tena akagonga mtoto wa jirani, na tangu hapo akapewa kazi ya kulinda kandambili. Msidhani alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Ukimwambia pole kwa ajili ya mguu, alikuuliza kama ni wewe uliyeukanyaga. Ila mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua anachokitaka. Alitaka kushuka mteremko ule amesimama, mara moja tu, mbele ya wale wavulana waliokuwa wakimtupia kandambili zao bila hata kusema asante.

Mwezi huo usharika wetu ulipata wageni kutoka nchi ya baridi, na wageni walileta shehena ya vitu. Jumamosi vikafunguliwa mbele ya kanisa: makoti manene ya kutosha kuwavika ng'ombe, glavu, kofia za sufu, na chini kabisa jozi tano za mbao fupi, pana kidogo, zilizopinda ncha zote mbili. Kila ubao ulikuwa na vifungio vya mguu katikati. Hakuna aliyezijua. Mzee mmoja alisema ni chaga za kitanda cha mtoto. Mama mmoja wa kwaya akasema ni za kupigia pasi mikono ya mashati. Ndipo msichana mmoja wa wageni akatuonyesha picha kwenye simu yake: watu wamefunga mbao hizo miguuni, wanateremka mlima mweupe pee kwa theluji. Akatueleza, mchungaji akitafsiri, kwamba zile ndefu ni za waliobobea na hizi fupi ni za anayeanza, maana hazimsumbui mtu akigeuka. Namnyaki alinifinya mkono mpaka nikataka kulia.

Tukaambiwa vitu vyote vitauzwa kesho yake mnadani. Hapa lazima nieleze, kwa sababu uchungu wote umekaa hapa. Kwetu, ibada ikiisha, sadaka za mazao hutolewa nje na kupigwa mnada: kuku, mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, trei la mayai. Ukishanunua, una hiari. Unaweza kubeba chako ukaenda nyumbani, unaweza kumzawadia mama mchungaji au mgeni, na unaweza kukirudisha ili kiuzwe tena na kanisa lipate mara mbili. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara nne asubuhi moja, naye akikaa kimya kwapani mwa mzee wa kanisa kama vile hayamhusu. Ni desturi nzuri na sitaki mtu anisingizie kwamba naidharau. Uzuri wake lakini uko kwenye hiari. Anayerudisha ni mwenye mali, kwa kinywa chake mwenyewe.

Jioni ile ya Jumamosi tulibaki kufagia kanisa, na Namnyaki alikuwa amekuja na mabuti yake ya mpira aliyovaa kipindi cha mvua, la kushoto limejazwa matambara. Alizipanga jozi zote tano ukutani akazikagua kama baba anavyokagua mbuzi wa kununua. Jozi mbili zilikuwa zinang'aa, nyekundu na fedha, na mimi mjinga nikazikimbilia. Akaniita nirudi. "Tazama huku, wewe," akaniambia, "hivi vyuma vinataka kiatu chake maalumu, kigumu. Hicho kiatu kiko wapi? Utavaa chuma na soksi?" Jozi ya tatu ubao mmoja ulikuwa umebenuka, aliulaza kwenye sakafu ya saruji na ukacheza. Jozi ya nne ilikosa kifungio kimoja. Ya tano ilikuwa mbaya kuliko zote, imekwaruzika, rangi imebabuka, lakini vifungio vyake vilikuwa mikanda mipana yenye meno, na nyuma kulikuwa na kipande kilichosimama kukumbatia kisigino. Mikanda hiyo ilikubali kiatu chochote. Akaingiza buti la kulia, akakaza. Akaingiza la kushoto, akakaza, akakaza tena. Halafu akasimama.

Sijui niseme nini ili mnielewe. Kisigino chake kilikuwa kimeshikwa. Aliinama mbele, akainama nyuma, akainua ubao mmoja na kuushusha, na mguu haukuchomoka. Akacheka, yeye ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra na kwa kejeli. "Hizi," akasema baadaye akizifungua. "Na hakuna atakayezishindania, kwa sababu ni mbaya." Pesa tulikuwa nayo, ya kuchambua maharage kwa majirani tangu shule zifungwe, mimi nikimchangia ili na mimi nipate zamu. Baba na yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, walijua kwamba tunaweka akiba. Baba mwenyewe alikuwa amesema, "Nunueni mnachotaka, ni jasho lenu."

Kesho yake mambo yalikwenda kama Namnyaki alivyotabiri. Mnada uliendeshwa na Mzee Saning'o, mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti na kanzu nyeupe ya wazee wa zamu. Zile zinazong'aa ziligombewa na watu wazima ambao hata hawakuuliza mguu unaingia wapi. Mmoja alisema wazi kwamba atatengenezea rafu ya vyombo. Ilipofika jozi yetu watu walikohoa na kutazama pembeni. Namnyaki akanyanyua mkono, akataja bei. Mzee Saning'o akauliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akapiga kofi: imekwenda. Dada yangu akatembea mbele na mguu wake, watu wote wakimwangalia, akamkabidhi pesa mkononi. Akanyoosha mikono kupokea.

Mzee hakumpa. Alimshika bega, akamgeuza awatazame watu, akanyanyua mbao zile juu. "Wapendwa, mmemwona mtoto huyu?" akasema. "Pamoja na hali yake, ametoa. Na ninavyomjua baba yake, mtoto huyu hakuja kuchukua. Anamrudishia Bwana! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mpigieni makofi." Wakapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Namnyaki akasema, "Mimi sijarudisha." Nilimsikia kwa sababu nilisimama karibu, na Mzee Saning'o alimsikia kwa sababu mkono wake ulikuwa bado begani kwake. Akaendelea kutabasamu, akataja bei ya kuanzia. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye safu ya wanaume, na mwanamume wa pembeni alikuwa akimpa mkono wa pongezi, na baba aliupokea.

Mbao zilinunuliwa na mfanyabiashara mwenye duka la vipuri vya magari mtaa wa Sakina, aliyekuja kusalimia nyumbani. Alilipa bei ya kujionyesha na makofi yakawa makubwa zaidi. Hakuna aliyemwambia mfanyabiashara arudishe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tulivyofundishwa. Siku ile walimnyonga na haki yake wakaipiga mnada.

Watu walipotawanyika Namnyaki alimfuata mzee nyuma ya kanisa, nami nikamfuata yeye. "Shikamoo mzee," akaanza, maana tulilelewa. Akaitikiwa marahaba. "Mzee, zile mbao nilizinunua. Sikusema narudisha." Mzee Saning'o hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alikuwa mpole kabisa. Alimwambia, "Mwanangu, kwa mguu huo ungekwenda kuvunjika huko msituni. Nimekuokoa wewe na nimempa heshima baba yako. Mungu atakulipa." Namnyaki akamuuliza, "Kwa nini hukuniuliza?" Mzee akacheka kidogo, akamgusa kichwani kama anambariki, akaingia sakristia, chumba cha wachungaji. Asiulizwe mtoto, na tena mtoto wa kike, na tena mwenye mguu kama ule. Haikumpitikia hata akilini kwamba kuna mtu pale wa kuulizwa.

Nyumbani baba alileta nyama, akasema leo watoto wamemtoa kimasomaso. Namnyaki alikaa mlangoni, hakula. Yeyo alimwekea loshoro, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando anachokipenda, nacho hakukigusa. "Baba," nikasema mimi, "hakurudisha. Mzee alimsemea." Baba alisukuma sahani yake pembeni. Kisha akasema, "Yameshapita. Mngetaka nisimame mbele ya kanisa niseme mzee ni mwongo?" Ndiyo, nilitaka hasa hivyo. Nilimpenda sana baba yangu, na jioni ile sikumpenda hata kidogo. Namnyaki hakupanda tena msituni, hata kulinda kandambili. Mbao zake zilitundikwa ukutani kwenye duka la vipuri, juu ya mikanda ya feni, na kila tulipopita Sakina kwenda mjini aligeuza uso upande wa pili wa barabara. Kabla hajamaliza shule misonobari ya mteremko wetu ilikuwa imekatwa, na ile iliyopandwa upya ilikuwa haimfikii mtu kiunoni.

Wanasema siku hizi watoto wamedekezwa, wanachagua, wanajibu wakubwa. Binti yangu ana viatu vya magurudumu, vya mitumba. Alivichagua mwenyewe, akavivaa palepale gulioni, akakaza mikanda na kuzunguka hadi akaridhika. Juzi mtoto wa mgeni alivililia, na yeyo, bibi yake, akasema, "Mpe mwenzio, jifunze kutoa." Binti yangu akasema hapana. Yeyo akanitazama akitegemea nimuunge mkono. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba mtoto akitaka kutoa atatoa mwenyewe. Huenda ni kudekeza. Basi na iwe kudekeza.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Saning'o, mtu wa umri mkubwa, watu wengi, mahema matatu. Wasifu wake uliposomwa nilikuwa nimetulia kabisa, wafu wasemwe vyema, mpaka msomaji alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu alikuwa na karama ya kuwafundisha watoto utoaji, na kwamba wakongwe wa usharika hawatasahau binti mlemavu aliyeguswa na maneno yake hata akairudishia madhabahu zawadi yake mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kwa hisia. Namnyaki alikuwa ameketi pembeni yangu, mama mzima, mwenye duka la sare za shule mtaa wa Sokon One mjini na mafundi wanaomwita bosi. Wengi pale hawakujua ni yeye. Nilitaka kusimama. Alinishika goti, akanikandamiza chini.

Tulipotoka makaburini nilikuwa nachemka. Nikatoa simu hapohapo barabarani, nikatafuta, nikazipata: mbao fupi za anayeanza, zilizotumika, mikanda mipana, bei ya mtu wa kawaida. Nikamwonyesha. Nikamwambia ile misonobari iliyopandwa upya imeshakuwa mikubwa, majani yamerundikana, tutazileta, tutapanda wote na nitamshika mkono. Aliipokea simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia vifungio kwa makini, akaangalia kipande cha kisigino. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nami nikaanza kufurahi. Kisha akanirudishia.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini nilizitaka nikiwa na miaka kumi na mitatu."