Leso Iliyotutukana Kambini

Nilikwenda Mombasa kwa sababu ya leso moja.

Mafuriko ya kwanza yalipotutoa kijijini kando ya Mto Tana, tukahamia kambi iliyo kwenye ardhi ya juu nje ya Garsen, wakfu mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa ulituletea msaada. Tulipata unga, sufuria, sabuni, na kwa kila mama jozi ya leso, zile kanga zenye maandishi, iliyokunjwa vizuri, imefungwa utepe, inanukia udi. Nyanya yangu, Habona, alifungua yake mbele ya wenzake wote. Ilikuwa imeandikwa: ULIJILETA MWENYEWE USINILILIE.

Sisi watu wa mtoni tumesikia maneno hayo kabla ya kuzaliwa kwa leso ile. Kila maji yanapojaa huja mtu na viatu vikavu akatuuliza nani alitutuma tukae kando ya mto. Nyanya aliikunja leso, akaisukuma chini ya gunia la unga, na hakuivaa hata siku ambayo nguo yake ya pekee ilikuwa juani.

Mwaka huu maji yamerudi. Wakfu ukapiga simu: leteni majina ya nyumba zote, lori linaondoka Mombasa Jumamosi asubuhi, kabla mvua haijakata barabara. Akina mama wakagoma kutoa majina. Vyandarua vilikuwa vimetoboka na watoto walikuwa wakitetemeka kwa homa, lakini Nyanya alisema, "Tutukanwe mara ya pili? Chandarua hakizuii matusi."

Mimi ndiye niliyerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada, maswali mengi, na kazi hakuna. Nikasema nipeni orodha. Nitakwenda niwaone hao watu kwa macho yangu. Nikiridhika nitawapa majina, nisiporidhika nitarudi nayo.

"Usiridhike upesi, Haluwa," Nyanya akaniambia. "Na radhi ya simu hatuitaki. Aliyeandika aje aseme."

"Nyanya, leso huandikwa kiwandani."

"Basi aliyeichagua."

Kusema kweli, sikuwa na shida na leso. Nilikuwa na shida na wakfu wenyewe. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mtu anayekupa unga wa bure ana wake mwingi aliouficha mahali.

Alhamisi, kabla jua halijachomoza, nilipanda basi Garsen. Barabarani sikuona mengi ila maji: mashamba ya mpunga yamekuwa maziwa, na ng'ombe wamesimama juu ya tuta la barabara kama abiria waliokosa gari. Baada ya Malindi dunia ikakauka, na nikashangaa jinsi watu wa Kilifi walivyokuwa wakiuza korosho kana kwamba hakuna kilichotokea. Saa sita mchana tulivuka daraja la Nyali tukaingia kisiwani.

Mji wa Kale haukubali haraka. Tuktuk ilinifikisha mpaka ilipokwama nyuma ya mkokoteni wa maji, nikashuka, nikaenda kwa miguu nikiuliza. Kila niliyemuuliza alinisalimu kwanza, akauliza nyumbani hawajambo, akauliza nimekula, ndipo akanionyesha njia. Nilipofika nilikuwa nimesalimiwa mara nyingi kuliko mwaka mzima wa chuoni.

Ofisi ya wakfu ni ukumbi wa nyumba ya mawe ya matumbawe, na mwenyekiti wa makusanyo ni Bi Rukia, mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alikuwa amekaa katikati ya masufuria.

"Shikamoo, Bi Rukia. Mimi natoka kambini Garsen."

"Marahaba, mwanangu! Orodha umekuja nayo?"

"Ninayo. Lakini siitoi bado."

Alinitazama juu ya miwani. "Ala! Na watoa lini?"

"Nikishauliza maswali yangu."

"Basi kula kwanza. Maswali ya njaa yana hasira."

Nikala mahamri na mbaazi, kisha nikaanza. Nani anatoa? Hakutaka kunitajia jina hata moja. Nikaandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari.

"Waandika nini hapo?" akauliza.

"Kwamba mnaficha watoaji."

"Twawaficha, ndiyo. Mtu akitoa sadaka akatajwa, kesho atataka kuamkiwa kwanza msikitini. Watoaji twawaficha, vitu hatuvifichi. Njoo uone."

Akanipeleka nje. Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na ubao mkubwa wa chaki unaoonekana na kila apitaye: kilichoingia jana, kilichotoka, kilichobaki. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akasoma, akasema kwa sauti, "Rukia, ndoo zilikuwa kumi na mbili juzi, leo kumi na moja!" Bi Rukia akajibu bila kugeuka, "Ya kumi na mbili yavuja, Mzee, nimeirudisha dukani!" Mzee akaridhika akaenda zake. Nilijaribu kutafuta kosa katika mpango huo na sikulipata, jambo lililoniudhi kidogo.

Namna wanavyochanga ndiyo iliyonivutia zaidi. Zamani, Bi Rukia alisema, walikuwa wakitangaza tu: leteni mlicho nacho. Wakaletewa majoho ya harusi, redio zisizosema na viatu vya mguu mmoja. Sasa kila kichochoro kimepewa kitu chake. Kimoja ni cha sufuria, kingine cha sabuni, cha tatu cha vyandarua, na wenye maduka wa kichochoro hicho huwapunguzia bei. Wasio na uwezo hukaanga kaimati jioni na kuuza, na pato lao hununua unga. Kichochoro cha sabuni na kile cha sufuria vinashindana hadi watoto wao hutaniana shuleni.

"Na leso?" nikauliza.

"Leso hazina kichochoro. Hizo kila mwanamke huleta kutoka sandukuni mwake, mpya, haijavaliwa. Hiyo ni heshima yetu kwa mwanamke mwenzetu."

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya leso ya Nyanya. Bi Rukia alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Rangi ilimtoka usoni.

"Hii mlipewa na sisi?"

"Alipewa nyanya yangu. Ndiyo maana majina hayatoki."

Alinirudishia simu. Kisha akasema, "Kesho baada ya sala ya Ijumaa twende Ganjoni," na akaingia ndani. Niliandika kwenye daftari: *anajua kitu*.

Ijumaa, saa nane mchana, tulikuwa Ganjoni, kwenye ghala lililo chini ya jengo la fleti. Msimamizi wake ni Mama Kadzo, mama wa Kigiriama mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na ndiye anayefunga mizigo yote. Hapo nikaona jinsi leso zinavyotayarishwa: zinawekwa juu ya tenga, chini kuna chetezo cha udi, zikishanukia zinafungwa utepe na kupangwa.

"Nani anazifungua kuzikagua?" nikauliza.

Mama Kadzo akanitazama kama nimeuliza nani anachungulia bafuni. "Kuzifungua? Sadaka ya mtu imeletwa imekunjwa, wewe uipekue? Kwani ni mwizi?"

"Kwa hiyo hakuna anayesoma maneno yaliyoandikwa?"

"Hakuna," alisema, na papo hapo akalisikia jibu lake mwenyewe.

Nilikuwa nimekuja kutafuta mwizi. Nilichokuta ni adabu iliyozidi kiasi. Unga waliupima, ndoo walizihesabu mbele ya mtaa mzima, lakini leso, kitu pekee katika lori lile kinachosema, waliona ni utovu wa adabu kuisikiliza.

Bi Rukia alimwonyesha Mama Kadzo ile picha kwenye simu yangu, kisha akakaa juu ya gunia. "Kadzo," alisema, "ile leso ya Garsen ilikuwa yangu."

Tenga likabaki mikononi mwa Mama Kadzo.

"Wifi yangu alipokuja kuishi kwangu na vikapu vyake saba, akawa kila siku alalamika. Maji yana chumvi, feni yapiga kelele, wali una mchanga. Nikapita dukani nikaiona, nikasema hii hii. Nikainunua niivae nipite mbele yake. Kisha nikaona haya, wakati wenyewe ni Ramadhani. Nikaifunga utepe nikaitoa sadaka ili isinitie majaribuni."

"Ukaitoa kwa watu wa mafuriko!" Mama Kadzo akasema.

"Nilisahau imeandikwa nini! Nilichokumbuka ni hasira yangu tu."

Mama Kadzo alijizuia kadiri alivyoweza, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani wifi amekaa salama, tusi limesafiri mpaka Tana River!"

Mimi nilitaka kukasirika kwa niaba ya Nyanya, lakini kicheko kilinishinda. Bi Rukia peke yake hakucheka. "Mwanangu," akaniambia, "hata kama hutoi orodha, hizi leso zifunguliwe zote leo."

Basi tukafungua. Mchana ule wote mimi nilisoma, wao wakahukumu. Nyingi zilikuwa salama: dua, shukrani, sifa za mama. NIMERIDHIKA NA CHANGU ilizua mabishano ya robo saa. Mama Kadzo alisema ni neno jema, Bi Rukia akasema inategemea nani kakuvalia na alikutazama vipi. Tukaiweka pembeni. NILIKUONYA HUKUSIKIA haikuhitaji mjadala. Mpaka adhana ya alasiri tulikuwa na rundo la leso tisa zisizofaa kupewa mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na maji, na Mama Kadzo akaanza kujiuliza kwa sauti ni wanawake gani tisa wa Mombasa walioghairi ugomvi.

"Sasa umeridhika?" Bi Rukia akaniuliza tulipokuwa tukifunga utepe upya.

"Mimi nimeridhika. Lakini walionituma wanataka radhi ya mdomo, na si yangu kuwasamehea."

Nikarudi nilikofikia, kwa rafiki yangu wa chuoni, nikiwa na orodha begini na wasiwasi mwingi, kwani lori halipakii bila majina: kila furushi hufungwa kwa jina la nyumba yake, ili asiwepo wa kupata mawili na wa kukosa.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilifika Kibarani, yadi ya malori karibu na njia ya Makupa. Zamani hapo palikuwa jaa la taka; sasa upepo wa bahari unapita bila kukufanya uzibe pua. Mama Kadzo alikuwa kando ya mafurushi, na dereva, Bwana Nyamawi, alikuwa amewasha injini.

"Dada, mvua imeshaanza Garsen. Nikiwa na majina, tutapakia saa mbili zijazo. Nikiwa sina, napeleka mzigo huu Kwale, nako wanauhitaji."

Ndipo tuktuk ikaingia yadini. Akashuka Bi Rukia, buibui limepangika, chupa ya chai mkono mmoja na kikapu cha mahamri mkono wa pili.

"Nyamawi, nifungulie mlango. Miye nakaa dirishani, katikati nitatapika."

"Bi Rukia, ni safari ya nusu siku, na njia mbovu!"

"Tusi langu lilifika, nami nitafika."

Nikaitoa orodha, nikampa Mama Kadzo. Akaanza kuita majina kwa sauti yake ile ya kwaya, na mafurushi yakapanda.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, na yenye kelele zaidi. Bi Rukia alikuwa hajawahi kupita Malindi. Kila daraja aliuliza kama litatubeba, na maji yalipofika nusu ya magurudumu karibu na Garsen alisoma dua zote anazozijua, kisha akaanza upya. Saa kumi jioni tuliingia kambini.

Akina mama walikuwa wamesimama, mikono kifuani. Hakuna aliyesogelea lori. Bi Rukia alishuka akakanyaga tope hadi kwenye kifundo cha mguu, akaenda moja kwa moja kwa Nyanya nilipomwonyesha.

"Shikamoo, mama. Ile leso niliitoa mimi. Sikuikusudia kwako, lakini sikuisoma tena nilipoitoa, na hilo ndilo kosa langu. Nisamehe."

Nyanya alimtazama kuanzia buibui mpaka tope. "Uliikusudia kwa nani?"

"Kwa wifi yangu."

"Alikufanya nini?"

Bi Rukia akaeleza: vikapu saba, feni, wali wenye mchanga. Akina mama wakasogea hatua moja, kisha nyingine. Mmoja akauliza wifi huyo ana watoto. Mwingine akasema wa kwake alikuwa hivyo hivyo mpaka alipomwachia jiko.

"Na mmeshapatana?" Nyanya akauliza.

"Bado, mama."

"Umetoka Mombasa mpaka huku kuniomba radhi mimi nisiyekujua, na huyo wa nyumbani bado?"

Akina mama wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichofungua lori. Kila mama aliitwa jina, akapokea furushi, akafungua leso yake hapo hapo, nami nikawasomea wasiojua kusoma. Jua lilipotua vyandarua vilikuwa vimetundikwa.

Walioniuliza nimejifunza nini huko niliwajibu hivi: bado ninauliza, tena zaidi ya mwanzo, ila sasa siulizi tu nani ameiba. Ninauliza ni kitu gani ambacho watu wema wameona haya kukitazama. Wakfu nao umejifunza. Kuanzia sasa, mzigo ukifungwa Ganjoni, mama mmoja kutoka unakopelekwa anaalikwa kukaa mezani na kuzifungua leso.

Bi Rukia alilala kwetu, akaondoka Jumapili asubuhi. Nyanya alimpa mkeka mpya aliousuka mwenyewe kambini.

"Mama, siwezi kuchukua. Nyinyi ndio—"

"Si wako. Wa wifi yako. Mwambie umetoka Garsen, umpe kwa mkono wako, na ukae naye juu yake mnywe chai." Kisha, lori lilipoanza kuondoka, Nyanya akaongeza kwa sauti, "Na uukague kwanza!"