Mti wa Aliye Safarini Haunyolewi

Mume wangu alikuwa na mdomo mtamu na kisu kikali, na vyote viwili alivitumia kwenye mchungwa wake. Alifanya kazi katika kitalu cha miche upande wa Uganda, ng'ambo ya Busia, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwetu Busibwabo. Safari moja alirudi na mche umefungwa gunia mizizini. Karibu na udongo, shina lilikuwa na kovu.

"Chini ya kovu ni limau," aliniambia. "Mizizi yake haijali ukame. Juu ya kovu ni chungwa. Limau linabeba, chungwa linazaa."

Nikamwambia basi hiyo ndiyo ndoa yetu: mimi nabeba, yeye anazaa maneno. Alicheka mpaka akakaa chini na mche wake mkononi.

Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, aliupunguza matawi. Watu wa boma lake hawakusema kupunguza, walisema kunyoa. Mimi nilisimama kando nikimshikia ngazi, naye akinieleza kana kwamba nimemuuliza. Ukikata ncha ya tawi, macho ya tawi yaliyolala chini ya jeraha yanaamka na kuchipua, na mahali pa tawi moja unapata matatu. Ukitaka tawi lisirudi, likate pale linapotokea, usiache kisiki. Lakini machipukizi ya chini ya kovu hayakuwa na mjadala. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, "na huyu mimi nampa kisu." Ukiyaacha, alisema, yatakunywa maji yote na chungwa litakufa njaa huko juu.

Tulikula machungwa ya mti ule, tena matamu. Mama mkwe wangu, ambaye meno yalishampa mkono wa buriani, alifyonza kila kipande hadi kikabaki ngozi, akasema mwanawe amemletea sukari ya mtini.

Kisha ukaja mwisho wa mwezi ambao hakurudi. Miaka ile ya sabini ng'ambo kulikuwa kumeharibika. Tulisikia watu wanatiwa kwenye buti za magari na hawaonekani tena. Nilienda Busia nikawauliza watu wa magendo ya kahawa, ambao walipita vichakani na kujua kila kitu. Nilienda Malaba nikasimama kwenye foleni ya malori, nikiuliza dereva mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliniangalia kwa huruma akasema, "Mama, rudi nyumbani." Nilimtukana. Nilikuwa nimeuliza swali, nani alimwomba huruma?

Mvua kubwa ilipokaribia, niliona machipukizi yametoka chini ya kovu. Nikachukua panga. Mama mkwe akatoka jikoni mbio, na alikuwa mtu asiyekimbia hata nyumba ikiungua.

"Weka hilo panga chini!"

Katika boma lile watu walinyoa vichwa kwa jambo moja tu, kifo. Na mti uliopandwa na mwanamume ulinyolewa na yeye mwenyewe. Mkono mwingine ukitia chuma kwenye mti wake akiwa hayupo, ndio kusema ameshazikwa. "Mti wa aliye safarini haunyolewi," aliniambia.

"Mama, haya ya chini ni limau. Yeye mwenyewe alisema."

"Wee! Haraka ya nini? Umeshachagua shemeji wa kukurithi?"

Maneno yale yalinichoma. Nililitupa panga pale pale, na siku ile ugali wake alijisongea mwenyewe. Lakini moyoni, haki ya Mungu, nilimshukuru kwa kunizuia. Ningekata, ningekuwa nimesema nini?

Machipukizi yakapanda. Woi, yalipanda! Yalikwenda juu moja kwa moja, manene, yenye miiba mirefu, majani yanang'aa hata wakati wa kiangazi. Mama mkwe alianza kuuamkia mti kila asubuhi. Aliushika, akageuka kwangu na macho yake yanacheka.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema. "Tazama hizi nguvu! Mwanangu yuko hai, tena anakula vizuri."

Jirani walikuja kuonyeshwa. Nami niliacha kutazama kovu. Juu kabisa, matawi ya zamani yalikuwa yanakonda, majani yanageuka manjano na kuanguka, lakini nikajiambia ni kivuli tu, yatapona. Mtu akitaka kuamini haulizi sana. Usiku niliota anarudi, kisu mfukoni, ananigombeza kwa kuacha mti uwe kichaka, na niliamka nikiwa na furaha ya kugombezwa.

Mwaka mwingine ukapita, na mwingine. Machipukizi yakatoa maua, maua yakatoa matunda. Yalipoiva yalikuwa na rangi ya chungwa kabisa, ila ngozi ilikuwa na makunyanzi. Mama mkwe alikataza mtu yeyote kuchuma. La kwanza ni lake, alisema, kwa niaba ya mwanawe. Alilichuma mwenyewe, mwiba ukamchana mkono, hakujali. Akaketi kwenye kigoda, akalimenya polepole, akatia kipande mdomoni.

Nilikuwa natazama uso wake. Ulikunjika, macho yakatoa maji. Hakutema. Alimeza, akatia kipande cha pili, kisha cha tatu, kana kwamba utamu umejificha mahali. Alikula limau lile lote. Nikatazama juu kwenye matawi yale mengine, matawi ya chungwa, na nikaona kile nilichokataa kuona. Yalikuwa yamekauka, meupe kama kuni.

"Ni limau," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alipangusa mikono kwenye nguo yake. Akavua leso ya kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na nilikuwa sijawahi kuziona wazi mchana.

"Leta wembe," akaniambia.

Hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala mtu wa kutuambia alifia wapi. Nilileta wembe na maji. Nilimnyoa mama yake pale chini ya mti, kisha akanivuta nikae chini mbele yake, akaninyoa mimi.