Jilaba la Zhor

Zhor Ouchrif alipoanza kujifunza kuandika programu, hapa kwenye ushirika wetu wa tufaha mjini Midelt, hakuna aliyemshuku. Alikuwa karani wa ghala, mjane wa rika langu, na programu zake za mwanzo zilijumlisha makreti tu. Shaka yangu ilianza alipoingia kwenye mbinu za juu. Alinionyesha, kwa furaha ambayo sikuipenda, jinsi ya kuivisha kazi moja ya programu kazi nyingine, kama mtu anavyovaa jilaba, lile joho letu refu lenye kofia, juu ya nguo zake: ya ndani inaendelea na shughuli yake, ya nje inaandika nani ameiita na saa ngapi.

"Kwa hiyo mtu hajui kwamba anaandikwa?" niliuliza.

"Si Abdelhaq," alijibu, akiniita bwana kwa desturi yetu, "mwenye kazi safi ataogopa nini?"

Jibu hilo nililibeba hadi nyumbani. Mimi, katibu wa ushirika mwenye shahada, nikaanza kufunga kompyuta yangu hata nikienda kutawadha.

Ramadhani ilipofika tulirudisha saa nyuma kama kila mwaka, na ofisi ikawa inafungwa saa tisa. Haukupita muda, mwenyekiti wetu, Si Driss, akatuita kuhusu kumbukumbu za lile jilaba, ambalo Zhor alikuwa amezivisha programu ya makreti na ile ya milango ya ghala. Kadi ya mlinzi, Moha, ilikuwa ikifungua chumba cha baridi karibu saa kumi, kila siku, sisi sote tukiwa tumeondoka.

"Ba Moha, ulifuata nini mle ndani?" Si Driss aliuliza.

"Nakagua baridi kabla hamjatoka. Saa kumi mimi niko kwenye foleni ya kununua chebakia tamu za futari, muulize mke wangu."

"Mkeo ni shahidi wa chebakia, si wa tufaha. Kesho utarudisha funguo."

Moha akamgeukia Zhor. "Lalla, jilaba lako limeniuza."

Mimi nilikuwa nikimtazama Zhor, si Moha. Niliamini kwamba jina lake mwenyewe hakulitia humo. Nikamtaka alitafute mbele yetu sote. Lilikuwemo: siku zile zile, muda mfupi baada ya Moha, Zhor alijumlisha makreti, karibu saa kumi.

"Saa hiyo niko nyumbani nakoroga supu ya harira," alisema polepole. Akaifungua programu, akasoma, akajishika kichwa. "Ya Rabbi! Mashine inahesabu kwa saa ya Greenwich. Niliiamuru iongeze saa moja siku zote. Ramadhani sisi hatuongezi."

"Kwa hiyo saa tisa kasoro ikaandikwa saa kumi kasoro," alisema Si Driss. "Umetukamata sote, na wewe mwenyewe!" Alicheka peke yake.

Moha alibaki na funguo zake. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kuugusa ule mlango, hupaza sauti kuelekea ofisini:

"Lalla Zhor! Leo jilaba linasema saa ngapi?"

Zhor hutaja saa, Moha huitazama yake ya mkononi, ndipo kadi inapotoka mfukoni. Kompyuta yangu bado naifunga.